Mwanga wa Kiwanda cha Mbao

Msanifu aliyechora nyumba ya mapumziko ya mwanangu kule mlimani ana mikono mipana isiyokosa vumbi la penseli, na ana desturi ya kupapasa ukuta kabla ya kuutolea neno. Kila alipopanda mlima alianzia kwenye kiwanda cha kale cha mbao kilicho jirani na kiwanja chetu, akaketi chini ya paa lake la mabati lenye madirisha ya juu, akichora jinsi mwanga ulivyoshuka. Mwanangu alipoonyeshwa mchoro wa nyumba, wenye paa na madirisha kama ya kiwanda kile, alimfokea yule bibi msanifu: "Dada, nimekuomba nyumba, wewe umenipa karakana! Mama yangu alale wapi, juu ya msumeno?" Akaapa kutafuta msanifu mwingine. Yule bibi hakubishana. Sauti yake haipandi kamwe. "Basi mlete mama mwenyewe kiwandani, kaka." Tukampeleka mke wangu, ambaye macho yake yamefifia, akaketishwa pale mafundi walipopasulia mbao bila kivuli kuwasumbua. Alimgeukia mwanawe, akamtazama kitambo kirefu. "Kumbe umeota mvi, baba." Nikamhimidi Mola kimoyomoyo. Mwanangu aliukunjua mchoro upya, akauliza kwa sauti ya chini chumba cha mama ni kipi.