Foleni ya Wenye Damu Moja

Shemeji yangu, mume wa dada, ni fundi viatu, na kwa ubishi hana mpinzani. Watu humwita Kisigino kwa sababu akishakanyaga neno lake hasogei. Baba yake alikufa kwa saratani ya tumbo, shangazi yake vilevile, na mwaka jana akafuata kaka yake mkubwa. Tangu hapo hana hadithi nyingine ila damu.

"Damu yetu ina tundu," alikuwa akisema, misumari imejaa mdomoni, "nami nitaliziba kabla halijameza wanangu."

Sikumcheka. Mtu aliyezika watatu ana haki ya kuogopa.

Basi akafunga kibanda siku nzima, akaongoza msafara kwenda hospitali: yeye, dada zake wawili na wanawe watatu. Dada yangu alikuja kubeba chupa ya chai. Mimi nilifuata umbea.

Daktari, mama wa makamo, aliwahoji wote sita. Kisha akamgeukia dada yangu. "Na wewe, mama, mbona hujaandikishwa?"

"Huyo si wa ukoo wetu," Kisigino akadakia. "Ni mke wangu tu."

Tu! Nilitamani kumrushia kikombe.

"Fundi," daktari akasema, "jozi mbili za ngozi moja huchakaa sawasawa?"

"Wapi! Inategemea njia na mvaaji."

"Na tumbo ni hivyohivyo. Wapo wanaorithi hatari, kweli, na hao tunawafuatilia kwa karibu. Lakini kuna bakteria wa tumboni, ambao watu wa nyumba moja huambukizana. Kuna sigara, kuna chumvi nyingi. Nyumbani mnakula nini?"

"Samaki wa chumvi," kitinda mimba akajibu. "Baba asipowaona anasusa."

Nani alimalizia mabaki ya sufuria hiyo miaka ishirini na miwili? Dada. Nani alitafuna vidonge vya kiungulia kama karanga? Dada. Ukimuuliza, anasema, "Gesi tu hiyo." Nasi tukaridhika, mimi wa kwanza, maana ugonjwa tulishaukabidhi kwa ukoo wa mume. Najilaumu mpaka leo.

Daktari akamwandikisha papo hapo. Majibu yakatoka: wale sita hawakuwa na saratani, ingawa wanne walikutwa na bakteria wakapewa dawa. Kamera iliyoshushwa tumboni mwa dada ilikuta uvimbe, na uvimbe wenyewe ni saratani. Adhaniaye ndiye kumbe siye. Ilibidi apasuliwe na kuondolewa nusu ya tumbo. Kupona kulikuwa kunawezekana, lakini daktari hakuahidi.

Asubuhi ya upasuaji dada alimshika mumewe mkono. "Wewe wamekukuta mzima kweli?"

"Mzima."

"Afadhali. Kila siku nilikuwa nakuombea."

Kisigino, mbishi wa mtaa mzima, akapiga magoti kando ya kitanda akalia mbele ya wauguzi.

"Mke wangu," akasema, "mimi niliwaombea wote kwa majina. Wewe sikukutaja hata siku moja."