Siku Niliyoshindwa Kushuka Baiskeli Ukweni

Nacheka sasa kwa sababu mambo yaliisha vizuri, lakini kwa miezi mingi mtu akitaja Kigwa mbele yangu nilikuwa nainama kufunga kamba za viatu hata kama nimevaa ndala. Sitamsingizia shetani wala barabara, aibu ile niliitafuta mwenyewe. Mimi Maganga ni fundi baiskeli, kibanda changu kipo Cheyo, hapa Tabora mjini, watu wananijua, na siku niliyokwenda kutambulishwa ukweni nilishindwa kushuka kwenye baiskeli.

Ilianza na wageni wanne waliokuwa wanafuata ile njia ya misafara, wametoka Bagamoyo wanakwenda Ujiji kwa baiskeli, wakakwama Tabora na rimu iliyopinda, nikawanyooshea. Mmoja alifurahi mno akaniachia kaptura yake ya kubana, pedali zake za akiba na viatu vyake, na viatu vyenyewe si vya kawaida, vina kipande cha chuma chini ya soli, ukikanyaga kinanasa kwenye pedali, mguu na baiskeli vinakuwa kitu kimoja, na ukitaka kushuka unazungusha kisigino nje kidogo, kinaachia. Kila chuma kinashikwa na bolti mbili. Cha kushoto kilikuwa na moja tu, nyingine ilishadondoka huko walikotoka. Mimi nina makopo mawili ya bolti kibandani, nikayamwaga yote, ya saizi ile hakuna, na safari yangu ya ukweni ni kesho asubuhi, basi nikafunga zile pedali kwenye baiskeli yangu ya gia, nikakaza bolti ile iliyopo nikasema, "Moja inatosha." (Mteja akiniambia neno hilo huwa namfokea.)

Sasa muelewe nilikuwa nakwenda wapi. Nyamizi, ambaye leo ni mke wangu, ni mtu wa Kigwa, baba yake alishafariki, na mwenye neno la mwisho kwao alikuwa baba yake mkubwa, Mzee Mihambo. Sikuwa nimewahi kumtia machoni. Nilichojua ni kwamba kabla yangu alishamkataa mchumba mmoja kwa sababu alimwamkia bila kuvua miwani ya jua. Nyamizi aliniambia kwenye simu, "Maganga, baba mkubwa haangalii mali, anaangalia adabu. Akikataa, mimi sitabishana naye." Nikamwambia asiwe na wasiwasi, adabu ninayo.

Baba mdogo Shija, mshenga wangu, alitaka twende wote kwa basi. Mimi nikasema atangulie kituoni na begi lenye suruali, shati na viatu vya heshima, mimi nitaendesha, tutakutana kwa jirani yao nibadilishe nguo kabla ya kuingia. Nilitaka Nyamizi asikie watu wanamsifia mchumba aliyekuja kwa gia. Baba mdogo alinitazama ile kaptura, akageuka pembeni.

"Ukweni hawaendi kwa mbio, mwanangu."

Sikusikia la mwadhini wala la mteka maji msikitini.

Wanaosema Tabora ni tambarare wamepita kwa gari. Kanyaga mwenyewe barabara ya Itigi uone vile vilima vya mawe vinavyokuja kimoja baada ya kingine, unapanda ulimi nje, unashuka machozi yanakutoka kwa upepo, unapanda tena. Lakini nilikuwa naruka, jamani! Niliwafikiria wapagazi wa zamani waliopita pande hizi na pembe za ndovu mabegani, nikawaonea huruma kwa kukosa viatu kama vyangu. (Baadaye nikakumbuka kwamba wao wakitaka kusimama walisimama.)

Kilima cha mwisho kabla ya Kigwa nikamkuta mzee anasukuma baiskeli nyeusi nzito, jogoo kafungwa kwenye keria ya nyuma. Nawaambieni mapema ili msinisumbue kwa maswali, huyo ndiye Mzee Mihambo, na jogoo ndiye aliyekuwa achinjwe kwa ajili yangu, ila wakati ule kwangu alikuwa mzee tu. Na kwetu mzee ni mzee, humwamkii ukiwa juu ya tandiko, unashuka, unasimama chini, ndipo unasema shikamoo. Nikapunguza mwendo, nikazungusha kisigino cha kushoto. Chuma kikazunguka pamoja nacho, maana bolti moja haizuii kitu kuzunguka, hata mtoto anajua, na kiatu hakikuachia. Nikisimama naanguka. Nikakanyaga.

"Shikamoo babaa!"

"Marahaba," akajibu, bila haraka. "Kuna moto huko mbele?"

Nilifika juu nimejawa na aibu, nikageuza nimfuate nimwombe radhi. Kumbe kuteremka ni kubaya zaidi, nikampita kama mshale nikipiga kelele, "Samahani baba!" Huko chini nikageuza tena, nikapanda, kisigino kinazunguka, kiatu kimegoma, nikampita mara ya tatu. "Shikamoo tena baba!" Mzee alikuwa amesogea kabisa kwenye majani, kamkumbatia jogoo wake.

"Marahaba. Utarudi tena?"

Mtaniuliza kwa nini sikuchomoa mguu wa kulia, ambao ulikuwa mzima. Mtaniuliza kwa nini sikuvua kiatu. Kila mtu ananiambia hayo akiwa amekaa kwenye kiti. Mimi tangu utoto nashukia kushoto, na akili ya mtu aliyepaniki haijui kulia ni wapi.

Nilifika Kigwa nikitafuta ukuta wa kuegemea. Kwa jirani kuna michongoma mitupu. Nikazunguka nyumba, nikatokea uani kwa akina Nyamizi kwenyewe, na pale katikati ya ua ameketi mama yake, mama mkwe wangu mtarajiwa, mtu ambaye kwa desturi zetu napaswa kumwinamia kwa mbali na mkeka wake nisiukaribie, anapepeta karanga. Hapo ndipo akili ikarudi, nikachomoa mguu wa kulia. Mwili wenyewe ukaegemea kushoto. Nilianguka taratibu kabisa, baiskeli ikiwa mguuni, katikati ya mkeka na karanga zake, nikiwa na kaptura ile.

Mama mkwe alifunika uso akakimbilia ndani. Nyamizi akatoka mbio.

"Maganga! Suruali iko wapi?"

"Ipo kwenye basi."

Akanirushia kanga, akanivuta mguu ukatoka kwenye kiatu, kiatu kikabaki kwenye pedali. Basi halijafika. Nikajifunga kanga, nikaketi chini na soksi moja, nikasikia kengele ya baiskeli. Mzee Mihambo akaingia, akashuka kwa utulivu, akaegemeza baiskeli, akanitazama.

"Huyu si yule wa shikamoo za njiani?"

Nyamizi alinitazama macho yamejaa machozi, na hapo kicheko chote kiliniisha. Niliona nampoteza kwa kitu kidogo kama bolti. Nikaeleza yote, kiatu, chuma, lile neno "moja inatosha", sikuficha.

"Na wewe ni fundi," mzee akasema.

"Ndiyo, baba."

"Nyumba ya mwanangu utaifunga kwa bolti ngapi?"

Akachomoa spana chini ya tandiko lake, akanitupia. "Yangu inapiga kelele tangu masika. Itengeneze."

Nikaitengeneza mbele ya ua mzima, kanga kiunoni. Nilikuta nati na bolti nne zimepungua, nikachomoa zinazofanana kwenye baiskeli yangu ya fahari, moja baada ya nyingine, nikamkazia zote. Baba mdogo alipotokea na begi, mimi nimejaa grisi mpaka kidevuni, akanong'ona, "Nani kafa?"

Mzee akapanda, akazunguka ua mara mbili, baiskeli kimya. Akaja mpaka mbele yangu, akapunguza mwendo, akashusha mguu mmoja, kisha wa pili.

"Hivi ndivyo mtu anavyoshuka. Haya, niamkie upya."

Nikasimama na soksi yangu moja. "Shikamoo baba."

"Marahaba." Akamgeukia Nyamizi. "Mpeni maji anawe. Na yule jogoo achinjwe."

Sijawahi kula jogoo mtamu kama yule, na nililia kidogo, nikasingizia moshi.

Zile pedali nilizing'oa, zinaning'inia kibandani, na mteja akiniambia moja inatosha namwonyesha hizo, halafu namweleza mkasa huu mpaka anakwenda kununua ya pili. Siku hizi nikienda ukweni naendesha baiskeli nzito, nashuka kwenye kona, nasukuma mpaka uani. Nimeapa sitavaa tena kiatu kinachohitaji maelezo. Lakini mama mkwe hadi leo akisikia kengele tu, kabla hata hajajua ni nani, anakunja mkeka wa karanga.