Kujihifadhi na Nini?

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nilikuwa nikifanya kazi katika ofisi moja ya serikali mtaa wa Al Khuwair, huku Arabuni. Mwaka mmoja nikapewa kazi ya kupima kama masomo ya kujihifadhi, yaliyogharimiwa na serikali katika skuli za wasichana, yamefaa au hayakufaa. Mimi kutulia siwezi, lakini kazi ile ilinikera zaidi ya kawaida, na sikujua kwa nini.

Nikaenda skuli moja ya Ghubra. Wasichana wa miaka kumi na minne walisimama mmoja mmoja wakasema, kwa Kiarabu fasaha, kwamba msichana mwema hujihifadhi mpaka aolewe. Hakuna aliyekosea. Mwalimu akafurahi; mimi nikawa nachezea funguo za gari. Kasuku naye hakosei.

Wakati wa mapumziko msichana mmoja akanifuata ukumbini. Alikuwa amenisikia nikizungumza Kiswahili kwenye simu.

"Abla," akaniita kwa sauti ya chini, kama wanavyowaita walimu wao, "nnataka kukuuliza. Kujihifadhi na nini khasa? Nimenywa maji kwa gilasi ya binamu yangu, na siku zangu zimechelewa. Usingizi sipati."

Mtoto hapati usingizi kwa ajili ya gilasi ya maji! Nikamwambia gilasi haina lolote, na siku kuchelewa kwa umri wake ni jambo la kawaida. Lakini amwambie mama yake.

"Mama atasema nikaulize skuli," akajibu. Kengele ikalia.

Mkuu wangu alitaka niandike kwamba masomo yamefaulu, maana majibu yote yalikuwa sahihi. Nikamwambia jibu wanalijua, swali ndilo hawalijui. Akacheka. Akasema hilo ni la mama zao. Niliendesha gari kwa hasira njia nzima, kwa sababu mmoja wa mama hao nilikuwa mimi. Binti yangu alikuwa na umri ule ule.

Nilimkuta anatazama televisheni. Hata abaya sikuvua.

"Skuli wamekufundisheni kujihifadhi?"

"Wametufundisha, mama. Nimeshalihifadhi somo lote."

"Kujihifadhi na nini?"

Akatazama zulia. "Si unajua wewe."

Nilijua, lakini ulimi ulikuwa mzito. Mama yangu hajapata kuniambia neno; kwetu Unguja hiyo haikuwa kazi ya mama.

"Kwani wewe alikwambia nani?" akauliza.

"Somo yangu."

"Somo gani? La dini au la sayansi?"

Nikazima televisheni. Somo yangu alikuwa jirani yetu, mwanamke mkavu wa macho, aliyeniweka ndani nilipovunja ungo akanieleza kila kitu kwa jina lake. Nilimchukia wiki nzima. Binti yangu hakuwa na wa kumchukia. Skuli wamemwachia mama, na mama amewaachia skuli.

"Somo alikuwa mtu, mwanangu," nikamwambia. "Sogea nikae."