Sauti ya Mama Mkwe Mahakamani

Binti yetu alielewa Kiswahili, ila alijibu Kiingereza. Kwa ajili yake, mke wangu alitengeneza programu ya simu na kuitia hadithi alizomrekodi mama yake akizisimulia tulipokwenda likizo Tanga. Wazazi wengine wa Merrylands, mtaa wetu hapa Sydney, wakaipenda.

Kisha mama mkwe akapata kiharusi, akapooza upande mmoja na kushindwa kusema. Mke wangu hakuthubutu tena kuzisikiliza zile hadithi.

Siku moja binti yetu aliingia jikoni na simu ya rafiki yake. "Mummy, that's Bibi!"

Kampuni moja ya Marekani ilikuwa imeichukua ile sauti na kuiweka kwenye mchezo wake wa watoto. Tuliwaomba waiondoe, wakanyamaza. Tulipofungua kesi hapa Sydney ndipo wakajibu: hatuna ofisi Australia, mahakama ya huko haina mamlaka juu yetu, tufuateni kwetu.

"Niwafuate kwao?" mke wangu alimwambia wakili wetu, mama wa Kikenya. "Mimi nimeibiwa hapa hapa."

"Hiyo ndiyo hoja yetu, dada," akamjibu.

Mahakamani, wakili wao alisema mtandao hauna mipaka. Kama kila nchi ingemshtaki kila mwenye tovuti, nani angepona? Niliogopa, maana maneno yake yalikuwa na mantiki. Wakili wetu akaonyesha kwamba mchezo ule ulitangazwa kwa wazazi wa Sydney na kuuzwa kwa dola za Australia. Hakimu akaomba kusikia sauti yenyewe.

"Haya, wajukuu zangu, sogeeni karibu. Nani hajala?"

Mle ndani tulioelewa tulikuwa watatu tu. Mke wangu aliinamisha kichwa begani kwangu, akalia bila kujificha.

Hakimu aliamua kwamba waliouza hapa na kudhuru hapa watajibu hapa. Kabla kesi yenyewe haijasikilizwa, kampuni iliiondoa sauti na kuomba radhi.

Tulipiga simu ya video Tanga. Mke wangu alimweleza mama yake yote, polepole. Mama mkwe alisikiliza, kisha akanyoosha mkono wake mzima kumwita mjukuu wake.

"Shikamoo Bibi," binti yetu alisema, kisha akaanza kumsimulia habari za shule kwa Kiswahili, akichapia karibu kila sentensi. Bibi yake alicheka kwa upande mmoja wa mdomo. Hatukumsahihisha.