Picha Iliyotazama Ukuta

Paulina wa Miyuji, muuza karanga wa soko la Majengo, si mwoga. Mwaka jana nyoka aliingia jikoni kwake, naye akamuua kwa mwiko, akachukua mwiko mwingine na kuendelea kusonga ugali. Lakini nyumba aliyonunua mwanawe Sila huko Japani ilimnyima usingizi.

Ni nyumba ya mbao, ya kizamani, kwenye mji mdogo wa pwani ambako Sila anafanya kazi yadi ya magari. Ameipata kwa bei ya kutupa, vyombo vyote ndani, kwa sababu bibi mwenye nyumba alifariki na wanawe wa mjini hawakuitaka. Mimi jirani yake nilipiga vigelegele. Paulina akanikata jicho.

"Hilda, mtu akishanunua nyumba ugenini, kwao anarudi lini?"

Hilo ndilo lililokuwa likimla.

Jumapili, tumetoka kanisani, Sila akapiga simu ya video. Huko Japani jioni imeshaingia. Alikuwa amekaa, lakini nyuma yake sakafu ilikuwa inalia, hatua kwa hatua.

"Nani anatembea?"

"Mbao tu, mama. Kila jioni zinalia."

"Mwenye nyumba umemsalimu?"

Sila akainamisha kichwa. Ndani mlikuwa na kikabati cha kuwakumbukia wafu, na humo picha ya yule bibi. Sila, kwa kuwa ni mlokole, aliigeuza ikatazama ukuta.

"Yaani umeingia kwa mtu, ukamgeuzia ukutani!"

Sisi Wagogo, ukiingia nyumba ya marehemu unamwaga mlangoni maji yenye unga wa uwele, unajitaja wewe na wazazi wako. Kanisani tunakwenda, na hilo bado tunalifanya.

"Uwele huna. Mwekee maji na wali. Mgeuze!"

Akaigeuza. Sakafu ikanyamaza. Nywele zilinisimama, sisemi uongo.

Paulina akaisogelea simu, akamsalimu bibi wa picha kwa Kigogo. "Mbukwenyi, dada. Mimi ndiye mama yake. Wako walikuacha. Wangu amekuja kwako. Nitunzie."

Bibi wa picha alitazama pembeni kidogo, kama anayesubiri mtu mlangoni.

Simu ilipokatika, Paulina alikwenda kusimama kwenye chumba cha Sila, ambacho hukifagia kila Jumamosi na hakuna anayelala humo. Ukutani ipo picha yake mwenyewe, amempakata Sila siku ya ubatizo. Akaipangusa vumbi kwa khanga.

"Hilda," akaniambia, "atakayekuja kuinunua nyumba hii, mwombe asinigeuze."