Bima Isiyomtaka Mume Wangu

Barua ya kuhuisha bima ya gari ilipofika mwaka ule, mume wangu aliisoma amesimama mlangoni, kisha akanikabidhi. Bei ilikuwa imepanda karibu mara mbili. Sababu tuliijua sote. Miezi michache nyuma, mvua ikinyesha, alilivaa gari la mtu kwa nyuma kwenye taa nyekundu, na kabla ya hapo alikuwa ameshaandikiwa faini ya mwendo kasi.

Tulikuwa tunakaa Alief, kusini magharibi mwa Houston, mimi na yeye na gari moja. Watoto walishaondoka. Yeye alikata nyama kwenye bucha la halali, dakika kumi kwa miguu kutoka nyumbani. Mimi nilihudumia wazee kwenye kituo kimoja cha karibu, na nilikwenda kwa barabara za ndani tu. Nilijifunza gari nimeshapita miaka arobaini, na barabara kuu sikuwahi kuizoea. Nikitazama tu magari yanavyokimbia kule juu ya madaraja, nilikuwa nageuza njia.

Nikaenda kwa wakala wa bima, mama wa Kitanzania mwenye ofisi ubavuni mwa duka la vyakula vya kwetu. Alipiga simu huku na huko, akaandika, akafuta.

"Dada, akibaki yeye kwenye bima, kote nitakakouliza bei ni hiyohiyo," aliniambia. "Tukimtoa, nakupatia ya chini kuliko hata ya mwaka jana."

"Kumtoa vipi? Ni mume wangu."

"Kwenye karatasi. Tunaandika kwamba gari hili haendeshi. Lakini nikwambie ukweli. Akishika usukani hata mara moja akagonga, kampuni hailipi kitu. Gari lenu, gari la mwenzenu, hospitali, vyote juu yenu. Ni sawa na kutokuwa na bima."

Kesho yake nilikwenda naye, akatia saini. Tulipotoka alielekea moja kwa moja kwenye mlango wa dereva, akashika kitasa, halafu akakumbuka. Akazunguka gari taratibu akakaa upande wa pili. Nilijifanya sikuona.

Tangu siku ile hofu ikahamia kwangu. Nikiwa jikoni nikasikia injini inawaka nje, nilikimbilia dirishani. Ufunguo nikawa nauweka kwenye mkoba wangu, na mkoba nikaenda nao hata bafuni.

Ikapita miezi minne. Alfajiri moja, tumetoka tu kuswali, simu yake ikaita. Kaka yake mkubwa, aliyetupokea Marekani na kutulaza sebuleni kwake mwaka mzima, alikuwa amefariki huko Plano, upande wa Dallas, zaidi ya saa nne kwa barabara kuu. Maziko baada ya sala ya adhuhuri.

Mume wangu aliketi kitandani na simu mkononi. Ndege ya mapema haikuwa na nafasi. Rafiki wa kutupeleka hakupatikana; mmoja yuko zamu, mwingine hashiki simu. Akaniangalia. Hakuniomba, na hilo ndilo lililonifanya nichukue mkoba.

Saa ya kwanza sikumbuki mengi ila mikono yangu. Niliukamata usukani mpaka vidole vikafa ganzi. Malori yalitupita yakilia, na kila moja lilipopita gari letu dogo liliyumba, nami nikawa nasoma kila dua niliyofundishwa utotoni, nikichanganya mwanzo wa hii na mwisho wa ile. Tulipofika karibu na Huntsville mvua ikatushukia kama imemwagwa kwa ndoo. Mbele sikuona barabara, niliona taa nyekundu tu zikiyeyuka kwenye kioo. Lori likaingia ghafla mbele yetu, maji yakatufunika, na kwa muda wa pumzi mbili tatu nikawa naendesha bila kuona chochote.

Sijui niliifikiaje njia ya kutokea. Nilisimama kwenye kituo cha mafuta, nikazima gari, nikalaza kichwa juu ya usukani.

"Nipe ufunguo," mume wangu alisema. "Naendesha mimi. Mungu atatusitiri."

"Ukigonga mtu je?"

"Sitagonga."

"Hata ile siku hukukusudia kugonga."

Nilijutia maneno yale kabla hayajanitoka yote. Alifungua mlango akatoka, akasimama kwenye mvua amenipa mgongo, kanzu yake ya maziko ikimganda mwilini. Nilikuwa nimeufumbata ufunguo kiganjani. Nilimuogopa kwa wakati ule, na nilikuwa sijawahi kumuogopa. Niliogopa kwamba angerudi akaudai tena, na ningempa.

Aliporudi aliketi palepale pa abiria. Maji yalimtiririka ndevuni.

"Ikipungua tutaondoka," alisema. "Ukae kulia, nyuma ya lori moja, usimpite mtu. Nitakuwa naangalia vioo. Nikisema shika breki, shika. Nikisema acha, acha."

Tukaondoka hivyo. Kwa saa tatu na zaidi alinisomea barabara kwa sauti ya chini, huku machozi yakimdondoka, maana hakuwa na mahali pengine pa kulilia. "Lori linakuja kushoto. Lipishe. Vizuri." Hofu haikunitoka. Ilikaa kifuani mpaka Corsicana, mpaka Dallas, ambako barabara zinapandana, na nilipiga kelele mara moja.

Sala ya jeneza hatukuiwahi. Tulifika makaburini watu wameshaanza kufukia. Walimpisha, akatupa mchanga wake kwa mkono mara tatu, na mimi nilibaki kwenye gari nikimtazama kupitia kioo.

Mpaka leo hajanilaumu kwa kumnyima ufunguo akakosa sala ya kaka yake. Ningependa anilaumu siku moja, tuliongee liishe.

Wiki iliyofuata baada ya maziko nilirudi kwa yule mama wa bima.

"Mrudishe," nikamwambia. "Nitafutie bima yoyote inayomtaka."

Alitafuta kwa siku mbili. Mume wangu alitakiwa kuhudhuria mafunzo ya udereva wa kujihami, nasi tukubali kubeba sehemu kubwa zaidi ya gharama gari likiumia. Bei iliyopatikana ilikuwa juu ya ile nafuu, lakini haikufika ile ya barua ya kwanza. Nilitia saini. Niliporudi nyumbani niliutoa ufunguo kwenye mkoba, nikauweka mezani mbele yake.