Simu ya Shigela Ilipopoteza Milio Yake

Shigela mchimba visima hajui kusoma. Nalisema mwanzo kabisa, kwa sababu hapa Usagara watu hulisema mwisho na kwa kunong'ona, kana kwamba ni ugonjwa. Mimi nilijifunza herufi mwenyewe, kwenye vipande vya magazeti vilivyofungiwa sukari dukani, na kwa miaka mingi nilimdharau. Leo simdharau. Dharau yangu yote nimeipeleka kwingine.

Miaka thelathini amechimba visima, kuanzia hapa hadi Butimba. Hajawahi kuacha shimo likamfukia mtu. Siku hizi kazi huja kwa simu, na simu imejaa maandishi, basi binti yake Precious, anayeuza dagaa Mwaloni, akamtengenezea njia. Kila mtu alipewa mlio wake. Fundi wa saruji akipiga, simu iliwika kama jogoo. Katekista akipiga, ililia kengele. Mkewe Odeta akipiga, kilisikika kicheko chake mwenyewe, walichokirekodi jikoni. Machibya, mtani wake wa ukoo, alikuwa punda. Na baba mkwe wake, Mzee Masele, alikuwa fahali.

Asidhani mtu kwamba ulikuwa mchezo. Punda akilia, Shigela alipokea kwa matusi, maana ndivyo watani wanavyosalimiana, na Machibya asingetukanwa angejua nyumba ile ina msiba. Fahali akilia, Shigela alivua kofia, akachuchumaa popote alipo, hata mnadani, ndipo akapokea na kusema shikamoo. Sisi tulilelewa hivyo: huzungumzi na mkwe ukiwa umesimama. Zamani ulimwona akija kwa mbali, ukapisha njia, ukapata muda wa kujiweka sawa. Simu ilitunyang'anya ule muda, na mtu asiyejua kusoma akaurudisha kwa mlio wa fahali. Wenye kutengeneza simu, pamoja na shule zao zote, hawajabuni kitu chenye adabu kama kile.

Mwezi wa sita Odeta aliondoka. Shigela aliwapa wafyatua matofali shamba la viazi la mkewe bila kumwuliza, naye akafunga nguo kwenye khanga akaenda kwa baba yake, mbele ya Misungwi. Mume hamfuati mke siku hiyo. Husubiri kuitwa. Mzee Masele alituma neno kwamba atapiga simu mara moja tu, ataje siku ya Shigela kuja na mshenga kuomba radhi. Kuanzia hapo Shigela hakuachana na simu yake. Alishuka nayo shimoni, alikula nayo, na kila mara aliitoa mfukoni kuhakikisha haijazimika.

Wakati huo alikuwa akinichimbia kisima, kwa kuwa maji ya bomba kwetu hutoka yanapotaka. Asubuhi moja, tukinywa chai, akanipa simu. Maandishi yalikuwa yamejaza kioo kilichopasuka. Nikavaa miwani nikasoma kila neno kwa sauti. Sasisho la mfumo liko tayari. Simu itakuwa salama zaidi. Itafanya kazi kwa haraka zaidi. Chini kulikuwa na sehemu mbili za kubonyeza, kukubali na kuahirisha.

"Wanasemaje, mzee?"

"Wanataka kuirekebisha."

"Kwani imewaambia inaumwa?"

Nilicheka ujinga wake, nikabonyeza kukubali. Simu ikazimika, ikakaa sana, ikawaka, ikaandika karibu. Ilimkaribisha mwenye nyumba nyumbani kwake. Hakuna mahali pale, narudia, hakuna mahali, waliposema kwamba milio ya watu itaondoka.

Kesho yake simu ililia kinanda chepesi, cha aina ya kumbembeleza mtoto wa tajiri. Shigela alipokea kwa tahadhari, kumbe ni Machibya. Wakatukanana kidogo. Alipokata akaniambia kwamba punda wa Machibya ameondolewa, amewekewa kinanda. Hesabu yake ilikuwa safi: mlio mmoja, mtu mmoja. Nami niliyesoma magazeti yote yale niliitikia kwa kichwa. Machibya, aliyekuwa amesikia habari za Odeta, akapiga tena mara mbili asubuhi ile kumcheka mwenzake aliyekimbiwa. Kinanda, matusi. Kinanda, matusi.

Saa sita kinanda kikalia tena. Shigela alikuwa ametoka shimoni, udongo hadi viwikoni. Aliibonyeza simu kwa kifundo cha kidole, akaiweka kwenye spika juu ya lundo la kokoto, akaendelea kusuuza ndoo.

"Wewe fisi hujafa tu?" akasema. "Kama ni habari za yule mwanamke, mfunge kamba umlishe majani. Mimi sina shida naye."

Simu ikanyamaza. Niliangalia kokoto, nikaona Shigela naye ameacha kusuuza. Machibya hanyamazi hata akiwa amelala.

"Nimekusikia, Shigela," sauti ya Mzee Masele ikasema, taratibu. "Nakushukuru kwa kunijulisha." Akakata.

Shigela alivua kofia. Alichuchumaa mbele ya simu iliyokwisha kukatwa, akakaa hivyo mpaka kivuli cha winchi ya kuvutia ndoo kikamfikia. Baadaye alimpigia mkwe wake kwa msaada wangu mara nane. Haikupokelewa.

Tukaenda njia panda kwa Osward, fundi simu aliyetoka Kagera, kijana anayezungumza na wazee huku macho yake yako kwenye bisibisi. Akafungua, akapekua.

"Hairudi nyuma, wazee wangu. Mfumo mpya hauchukui milio kwenye memori kadi."

"Milio yenyewe imefutwa?" nikamwuliza.

"Ipo yote. Ila simu haiioni."

"Kitu kipo, mwenyewe yupo, simu haikioni."

"Ni kwa usalama wenu, mzee."

Nikamwambia mwizi wa kuku ana staha kuliko hao, kwani hajawahi kugonga mlango aniombe nimfungulie banda kwa usalama wangu. Osward akasema kazi yake ni kutengeneza, malalamiko niwapelekee wenye kampuni, na kama tunataka ataweka upya milio, mmoja mmoja, ndani ya simu. Shigela akakataa. Alisema wakiweka leo wataondoa kesho, na wakwe hawajaribiwi mara mbili.

Jumapili nikaenda Misungwi na Machibya kuwa washenga. Mzee Masele alitupa vigoda, hakutupa maji. Nilieleza yote, tangu chai hadi kinanda. Nilikiri kwamba mimi ndiye niliyebonyeza. Alinisikiliza hadi mwisho bila kukohoa.

"Kwa hiyo heshima yangu ilikuwa ndani ya simu," akasema. "Ilipotolewa humo, nikabaki fisi."

Machibya akamwambia fisi ni yeye Machibya, amekuwa fisi tangu utoto, baba amuulize mtu yeyote. Hakuna aliyecheka. Odeta alikuwa kizingitini, anamenya karanga. Alimgeukia Machibya, wala hakunitazama mimi.

"Shemeji, yale ya kunifunga kamba, ndivyo mnavyonisema mkiwa wawili?"

"Ni utani, shemeji. Hata mimi, mke wangu namsema."

"Baba alikuwa anapiga kumwambia aje Jumamosi. Mzigo nilishafunga." Akamenya karanga mbili tatu. "Yeye ana mtani, baba ana mkwe. Mimi katika maneno yale nilikuwa na nani?"

Ningeweza kusema kosa ni la simu, na ni kweli, lakini yale maneno simu haikuyatunga. Mzee Masele akasimama, nasi tukajua tumeagwa.

Tangu siku ile Shigela hupokea kila simu akiwa amechuchumaa, kofia mkononi. Huwaamkia shikamoo hata wale wasichana wanaopiga kutangaza bima. Machibya alivumilia wiki mbili, kisha akaacha kupiga, akaniambia kumtukana mtu anayekuamkia ni kama kumpiga maiti. Shigela hashuki tena shimoni, na kisima changu kimesimama futi ishirini na mbili, udongo mkavu. Watu wa kukichimba ninawapata, lakini sijawaita.

Ng'ombe wa mahari walirudishwa Jumatano, saa nne asubuhi, bila mtu kupiga simu. Walikuwa watano, wengine wakiwa wamebaki kwa mzee kwa hesabu ya watoto ambao Odeta amemzalia Shigela. Aliyewaswaga alisema mzee anaomba wasitafutane tena, akageuka na fimbo yake bila kungoja maji. Shigela ni mchimba visima. Hana boma, hana hata kamba. Alisimama nao kando ya barabara kuu, mikono ameitanua wasivuke, na malori ya Shinyanga yakawa yanampigia honi.